Kitufe Kilichoninyima Chai ya Ghorofa ya Tatu

Ndugu Fundi wa Mfumo,

Salamu nyingi kutoka chumba cha majalada, ghorofa ya chini, mlango unaotazamana na tangi la maji. Najua huku hujawahi kufika, maana tangu uanze kazi kwetu mambo yako yote huyamaliza ukiwa umeketi, na hilo ndilo hasa lililonifanya nishike kalamu. Mimi ni mzima wa afya, ila sina raha kwa sababu ya vitufe viwili ulivyouongezea mfumo wa ofisi, ule tunaoufungua kwenye tovuti kila asubuhi. Kimoja kinatafuta kompyuta yoyote iliyo kwenye mtandao wetu, na kingine kinatuma faili kutoka kompyuta moja hadi nyingine. Wenzangu walikupigia makofi. Mimi pia nilipiga, kwa sababu meneja alikuwa ananitazama.

Naomba uyasome malalamiko yangu kwa utulivu, kwani nimeyapunguza makali.

1. Kitufe cha kutuma faili kina haraka mno. Zamani mhasibu wa ghorofa ya tatu akihitaji faili la mteja, alinipigia simu, nami nikalibeba. Nilipanda ngazi, nikawasalimia wanaoshuka, nikauliza hali za watoto, nikafika juu nahema. Na mtu anayehema huwezi kumrudisha mlangoni bila kumwambia aketi. Akishaketi, birika lipo. Birika likichemka, mazungumzo yapo. Hivyo ndivyo mimi, mgane niliyekwisha kuzoea kula nimesimama jikoni, nilivyopata kujua kwamba mhasibu huyo huanza kucheka kabla hajafika mwisho wa hadithi yake mwenyewe. Sasa faili linafika kabla sijainuka kitini. Halihemi, na hakuna anayeliambia karibu.

2. Kitufe hicho hakina adabu. Mimi nilikuwa napiga hodi. Faili lako linaingia kwenye kompyuta ya mama wa watu bila hodi, bila habari za asubuhi, likishafika linalia kama kijiko kilichoanguka sakafuni. Nami huku chini naletewa maandishi ya kijani: Faili limepokelewa. Nimeyatazama maandishi hayo kwa muda mrefu nikitafuta dalili yoyote ya mapenzi. Hayana.

3. Kitufe cha kutafuta kinasema kweli. Ndugu Fundi, ofisi hii imesimama miaka yote kwa jibu moja la heshima: ametoka kidogo, anarudi sasa hivi. Jibu hilo limesitiri wengi, wakiwemo wakubwa wako. Kitufe chako ukikiandikia jina la kompyuta kinataja chumba ilipo, anwani yake ya mtandao, na kama imewashwa au imezimwa. Wiki iliyopita meneja aliitafuta ya kwangu, akaambiwa imezimwa, akashuka mwenyewe na kunikuta nachana masharubu. Nilimwambia kompyuta imetoka kidogo. Hakucheka.

4. Kitufe hicho hicho kimenichongea. Ulipoleta mambo yako nilimweleza mhasibu kwamba yeye itabidi niendelee kumpelekea mafaili ya karatasi, kwa kuwa kompyuta yake haionekani kabisa kwenye mtandao. Alisikitika, akaweka maji jikoni. Tulikuwa tunaendelea vizuri na ugonjwa huo wa kompyuta, mpaka siku alipobonyeza Tafuta mwenyewe, mimi nikiwa na kikombe mkononi, akaiona kompyuta yake imo, nzima, inapatikana bila tatizo lolote. Alinitazama kama anavyotazama hesabu isiyokaa sawa. Mbio za sakafuni huishia ukingoni. Tangu hapo sijapanda, maana nipande na sababu gani?

5. Umeingilia mambo ya familia. Dada yangu mkubwa, ninayeishi naye, ameninunulia shati jipya na kila jioni ananiuliza kama nimeshamwambia mhasibu lile neno. Juzi nilimjibu kwamba mfumo umebadilika. Akaniuliza, kwani mfumo ndio unaooa? Swali hilo ni la kitaalamu, nakuachia ulijibu wewe.

6. Basi naomba marekebisho madogo. Faili likitumwa, lisimame kidogo ghorofa ya kwanza na kusalimia, na ya pili lipumzike. Likifika juu lisiingie mpaka liambiwe karibu. Kitufe cha kutafuta kifundishwe kusema ametoka kidogo, hata kwa sauti ya chini. Na kwa ajili ya usalama, faili lolote linalokwenda uhasibu lisindikizwe na mtu mzima mwenye uzoefu wa ngazi. Nipo tayari kujitolea. Haya yote yakishindikana, naomba ukate waya mmoja tu, ule unaotoka ghorofa ya pili kwenda ya tatu. Na ukikosa mkasi, umo humu chumbani kwangu, nimeshaunoa.

7. Namuogopa Mungu na nasema wazi: namtaka mhasibu, na ninaogopa atadhani nilikuwa nafuata chai.

Nisalimie mama yako mzazi, dada wa mapokezi, dereva, mlinzi wa zamu ya mchana, na meneja pia, kama hamtafuti mtu.

Ni mimi ninayekuheshimu ila sijaanza kukushukuru,
Mtunza Majalada

Nyongeza: Nilikuwa natia sahihi, nikakumbuka kuiwasha kompyuta yangu, ikalia. Faili kutoka uhasibu. Nikalifungua, tupu. Likaja jingine, tupu. Likaja jingine tena. Nikaona huyu mama anakosea, nikapanda kumwelekeza. Nikamkuta amekaa, mkono uko kwenye kitufe. Akaniambia, "Mwenzio nabonyeza tangu asubuhi. Ulitaka nipige simu niseme nini, nami sina shida ya faili?" Nikamwambia lile neno hapo hapo, bado nahema. Amekubali, Ndugu Fundi. Nimeshuka kwa furaha hata nikajikuta nje kwenye maegesho, sijui nimefuata nini. Kwa hiyo futa yote niliyoandika hapo juu, kuanzia namba moja, na waya usiuguse. Ila nasikia mnataka kukirekebisha kitufe kiwe kinakataa mafaili matupu. Nakuomba kwa heshima zote, usithubutu.