Ugonjwa wa Pikapu ya Mama Tryphena

Makokha aliisikia ile pikapu kabla ya kuiona, na kabla ya kuiona alikuwa ameshaipenda.

Ilikuwa inateremka kutoka Sagalla kuingia Kaloleni, ta-ta-ta-ta, kelele za debe tupu linalopigwa mwiko, na nyuma yake moshi mweusi hata mbuzi wakakohoa. Watu waliziba pua. Makokha peke yake alitabasamu na kuacha chai yake nusu kikombe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu ahamie Voi.

Ni haki tumweleze Makokha vizuri, maana wanaomsema vibaya ni wengi, na wengi wao aliwahi kuwatengenezea gari. Alikuja kutoka magharibi kufanya kazi ya reli, akaifanya miaka mitatu, akaiacha kwa sababu zisizotuhusu. Masikio yake yalikuwa ya ajabu. Angeweza kuisikia nati iliyolegea katikati ya matanga. Mungu alimpa kipaji hicho, naye akakitumia kuwadanganya watu, kama wengi wetu tunavyofanya na vipaji vyetu. Gari lenye mafua yeye huliambia lina kifua kikuu, hulinunua kwa bei ya chuma chakavu, huliponya kwa spana moja, kisha huliuza. Shingoni alivaa ule mpira wa daktari wa kusikilizia vifua. Aliupata wapi, hatujui. Mbele ya mpira huo hata wazee wa kanisa walivua kofia.

Mwaka huo wa sabini na sita watu walikuwa wakikimbilia Kishushe kutafuta mawe ya kijani, yale ya thamani. Mawe yalikuwa machache, na magari yalikuwa machache zaidi. Msimamizi mmoja wa machimbo, Mbuvi, alikuwa amemwambia Makokha: niletee pikapu yoyote inayoweza kupanda, utaondoka hapa ukicheka peke yako.

Pikapu ilisimama mbele ya duka la Shemasi Obadiah. Akashuka Mama Tryphena, mama wa miaka sitini hivi, kitambaa cha kichwa kimefungwa barabara. Alikuwa dresa, mfunga vidonda na mgawa dawa, wa zahanati ya shamba la mkonge miaka ishirini na miwili kabla ya kustaafu kwao mlimani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Ndiwe yule daktari wa magari?"

"Ndivyo watu wanasema," Makokha akajibu kwa unyenyekevu aliokuwa ameufanyia mazoezi. "Fungua boneti tumwone mgonjwa."

Akavaa mpira masikioni, akainama. Dakika moja ilimtosha. Ile ta-ta-ta ilikuwa nati za ekzosi zilizolegea, basi. Moshi mweusi maana yake injini inakunywa petroli bila kupata hewa, filta imeziba. Kazi ya nusu saa! Moyo wake ukaruka sarakasi. Uso akauvalisha msiba.

"Mama, umekula?"

"Nimekula. Kwani?"

"Kwa sababu hii habari si ya tumbo tupu. Injini imenoki. Beringi za krenki zimekwisha, ndizo hizo unasikia zikigonga. Ringi za pistoni nazo zimekufa, inaunguza oili."

"Lakini nilisikia moshi wa oili huwa wa bluu. Huu mimi naona mweusi."

Makokha alikwama kidogo, kidogo sana. "Hiyo ni bluu iliyokomaa, mama. Ikikaa sana inaiva."

"Aa," akasema Mama Tryphena, mtu wa kupenda kujifunza. Akautazama ule mpira. "Na huo unasikia nao vizuri?"

"Kila kitu."

Makokha akataja bei ya chuma chakavu, akiongeza kwamba anaitaja kwa kumheshimu mama wa makamo yake. Mama Tryphena akatikisa kichwa.

"Pesa nitaila iishe, na mlima utabaki palepale. Wacha nirudi nayo pole pole, nitafugia kuku."

Akashika mlango. Makokha akawaona wale kuku waziwazi, wamelala ndani ya utajiri wake, wakitaga.

"Ngoja, mama! Kwani wewe unataka nini?"

"Kitu cha kunifikisha Sagalla. Hata kama hicho." Akaelekeza mdomo kwenye pikipiki iliyoegeshwa kivulini.

Ile pikipiki ndiyo kitu pekee alichowahi kununua kwa jasho lake, mshahara wa miaka mitatu ya reli. Kila Jumapili, wenzake wakisali, yeye aliipangusa na kuitia oili. Isitoshe, ilikuwa nguzo ya kazi yake. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Makokha aliirefusha kwa pikipiki. Akaitazama, akaitazama pikapu, akamkumbuka Mbuvi. Tamaa ikashinda, nayo haijawahi kumshindia mtu bure.

"Chukua," akasema. "Roho yangu ya huruma itaniua."

"Asante, mwanangu. Lakini mimi sitaki lawama. Usije kesho ukasema mama wa Sagalla alikuuzia gari bovu. Rudia yote mbele ya Shemasi, ayaandike."

Makokha akarudia kwa furaha: beringi, ringi, oili. Alipoiona kalamu ya Obadiah inakimbia akanogewa, akatupia na silinda ya tatu, ambayo, alisema kwa huzuni, imekwaruzika vibaya.

"Na bado unaitaka?" Obadiah akauliza.

"Naitaka hivyo hivyo, Shemasi."

Akatia sahihi. Mama Tryphena akakusanya leso yake, akapanda pikipiki, akaipiga teke moja tu ikawaka, akaenda zake. Mtu mwingine angejiuliza dresa wa mkonge alizungukaje kambi zote za shamba lile miaka ishirini na miwili. Makokha hakujiuliza. Alikuwa ameshalala chini ya pikapu.

Nati alizikaza. Ndani ya filta alikuta kipande cha blanketi, kimekatwa kwa mkasi vizuri kabisa. "Panya," akasema. Akawasha injini. Ikanguruma kwa upole, moshi hakuna. Alicheka mpaka akashika mbavu.

Kesho yake asubuhi alishika njia ya Kishushe akipiga mbinja. Injini ilipopata joto, kwenye mlima wa kwanza, akaona kwenye kioo moshi. Ulikuwa wa bluu, bluu changa kabisa, haijakomaa wala kuiva. Kisha kutoka chini ya miguu yake: du. Du. Du. Mbinja ikamkauka midomoni. Mdomo wa Makokha ulidanganya kila siku ya Mungu, lakini masikio yake hayakujua kudanganya, nayo yakamwambia: beringi za krenki. Mara kitu kikalia kaa! na pikapu ikasimama.

Akachomoa kijiti cha oili. Kilichodondoka kilikuwa oili ya gia, nzito kama asali ya Sagalla, ya kunyamazisha injini mbovu ikiwa bado baridi. Kelele za nati zilizolegea zilifunika kugonga kulikobaki, na moshi mweusi ukafunika wa bluu. Makokha aliketi kando ya barabara akalia, tena kwa sauti.

Siku ya tatu trekta lilimvuta mpaka dukani kwa Obadiah. Mama Tryphena alikuwapo, ananunua sukari.

"Mama, umeniua! Umeniuzia injini maiti!"

"Shemasi, hebu soma," akasema mama.

Obadiah akavaa miwani, akasoma kwa sauti ya kanisani. Beringi. Ringi. Oili.

"Kuna uongo hapo?" Mama Tryphena akauliza.

Makokha akaitazama ile karatasi. "Hakuna."

"Hata silinda ya tatu?"

"Niliifungua jana. Hata silinda ya tatu."

"Mwanangu, kila Jumatatu zahanati yangu ilijaa wakwepa kazi. Anayelia sana tumbo, mimi nilimtazama mguu. Nikajua fundi mwenye masikio makali akipata kelele kubwa hatatafuta ndogo. Yule Reuben wa Mwatate, uliyemwambia lori lake limekufa, ni ndugu yangu. Hata hivyo nilikupa nafasi. Ungesema ni nati tu, ningekulipa ya nati nikarudi nyumbani. Ukasema imekufa. Mimi nilikuamini, fundi. Wewe ndiye hukujiamini."

Akausogelea ule mpira shingoni mwake, akaugeuza na kumtia masikioni.

"Siku zote umeuvaa kinyume. Ndiyo maana hukusikia kitu." Kisha akaubandika upande wa pili kifuani kwa Makokha. "Umesikia? Injini hii bado nzima. Ina kelele tu."

Akafunga sukari yake nyuma ya pikipiki, akaipiga teke moja. Makokha alibaki mlangoni, mpira masikioni, akisikiliza moyo wake ukigonga, macho yakiifuata pikipiki mpaka kwenye kona ya Sagalla. Alikuwa ameitunza vizuri mno. Haikutoa hata uzi mmoja wa moshi.