Soksi ya Debiti

Jumatatu, 3 Machi

Habari njema kuliko zote! Mama Hesabu, karani wa hesabu hapa kwenye kiwanda chetu cha magodoro, anastaafu katikati ya mwezi huu. Bosi ametangaza kwamba atakayeshinda mtihani wa awali wa utunzaji wa hesabu, Jumamosi hii, ndiye atakayerithi chumba chake. Chumba chenye dirisha. Chenye mlango. Na ndani yake, kile kiti kinachozunguka! Miaka sita nimekaa stoo juu ya marobota ya sponji, kitako kinazama, magoti yanagusa kidevu. Leo Mama Hesabu alipotoka kunywa chai nikakikalia kidogo. Nikazunguka mara nne. Nilishuka nikipepesuka, lakini roho kwatu. Kiti ni changu.

Kikwazo ni kimoja: Kalamu Tatu, karani wa kupakia mizigo. Tunamwita hivyo kwa sababu ya kalamu anazopanga mfukoni mwa shati, nyeusi, bluu na nyekundu. Tumesoma naye kozi ileile miezi mitatu. Yeye alikaa mbele. Mimi nilikaa karibu na mlango, kwa ajili ya hewa.

Jumanne, 4 Machi

Nimefungua kitabu. Mara ya kwanza, lakini kwa moyo mmoja! Mambo ni rahisi kumbe. Kila kitu kinaandikwa mara mbili, debiti na krediti. Kinachoingia kwenye biashara, debiti. Kinachotoka, krediti. Safi.

Ila debiti inakaa upande gani? Nikatazama: kushoto. Nikafunga kitabu. Ikanitoka. Nikafungua: kushoto. Nikafunga. Imekwenda! Mara kumi na moja. Mke wangu, aliyekuwa anakunja nguo, akauliza kwa nini nisijisemee tu, debiti kushoto, debiti kushoto, mpaka ikae. Nikamweleza kwa upole kwamba hii ni taaluma, si wimbo wa watoto.

Alhamisi, 6 Machi

Hila ya leo: kumpotezea Kalamu Tatu muda. Nikamwalika chai nyumbani baada ya kazi. Hatasoma huku anakula, nilijiambia. Akaja na kitabu kwapani! Akala mkate mzima, akimwita mke wangu shemeji kila neno la pili, na huku anamfafanulia urari. Ati urari ni ule ukurasa wa kupima kazi: unajumlisha debiti zote, unajumlisha krediti zote, na jumla mbili zikilingana, unalala usingizi. Mke wangu akaelewa mara moja. Akafanya maswali mawili, yote sahihi. Mimi nilikuwa jikoni naongeza maji kwenye birika.

Nilichookota: jumla zikilingana, umemaliza kazi. Hilo nimelishika.

Ijumaa, 7 Machi

Nimepata dawa! Soksi! Nimeamka nayo kichwani kama nimeletewa. Mguu wa kushoto soksi nyekundu: debiti. Mguu wa kulia soksi nyeusi: krediti. Nikisahau, navuta suruali kidogo, natazama chini, naandika. Nani atamkataza mtu kuvaa soksi?

Mke wangu kacheka mpaka akakaa chini. Nilimwacha acheke. Mchana nikampimia Mama Hesabu kiti chake kwa kamba, nikakata kipande cha sponji ya daraja la kwanza kwa ajili ya mto. Akaniuliza kama nina uhakika. Nikamwambia asubiri aone.

Jumamosi, 8 Machi

Ushindi! Ushindi mtupu!

Nianze na asubuhi. Nikavaa soksi kama nilivyopanga, nyekundu kushoto. Nikasimama mbele ya kioo kujikagua. Hapo nikakumbuka: kioo hugeuza mambo! Ningekwenda hivyo hivyo ningeumbuka. Nikazibadilisha haraka, nikatoka nikipiga mluzi.

Chumba cha mtihani kimya. Karatasi tupu, swali ni duka la vyombo, miamala ishirini. Debiti upande gani? Nikavuta suruali. Nyekundu iko kulia. Kitu moyoni kikanong'ona kushoto, kushoto. Lakini moyo haukusoma kozi, na soksi niliipanga mwenyewe. Nikaandika debiti zote kulia.

Kisha urari. Nikajumlisha upande mmoja, nikajumlisha wa pili. Zimelingana! Sawasawa, mpaka senti! Nikatazama mbele: Kalamu Tatu anafuta, anaandika, anafuta tena. Kalamu zote tatu mezani. Zake zimekataa! Tulipotoka akasema jumla zake zimepishana kidogo na hajui ni wapi. Nilimpiga bega, nikamwambia asijali, stoo kuna sponji laini sana. Leo namhurumia kila mtu.

Jumatatu, 17 Machi

Matokeo. Kalamu Tatu kafaulu. Mimi nimepata alama nne kwa mia, tena mwalimu wa kozi kasema mbili ni za mwandiko.

Nikamfuata juu ofisini kudai haki yangu. Jumla zangu zililingana! Mwalimu akafungua karatasi kwa utaratibu. Akasema ni kweli, zimelingana, kwa sababu sikukosea hapa na pale. Nimegeuza kila kitu, cha kwanza mpaka cha mwisho, na urari haumwoni mtu wa namna hiyo. Kalamu Tatu kakosea kujumlisha mahali pamoja tu. Ila kwenye duka langu, alisema, wateja wanaleta vyombo na kuondoka na fedha, na mwenye nyumba anamlipa mpangaji kodi. Akasema miaka yote ya kufundisha hajaona duka la hivyo. Alikuwa anafuta machozi.

Niliumia, sitaficha. Nilirudi stoo nikazama kwenye sponji. Juu nikasikia kiti kikizunguka.

Jumanne, 18 Machi

Leo moyo umetulia. Kalamu Tatu kaja mwenyewe stoo kuuliza kama ule mto ninauhitaji. Nikampa. Unamfaa, na kwa kweli kile kiti kinalia kama mlango mbovu. Kisha bosi akapita akisema chumba kile kinahitaji msaidizi, na mtihani unarudiwa Juni. Kiti cha msaidizi hakizunguki. Lakini nimechungulia: kina magurudumu! Mtu anaweza kujisukuma kutoka dirishani hadi mlangoni bila kunyanyuka.

Nikamwambia mke wangu. Akasema naye atajiandikisha Juni, maana kazi ya hesabu ameipenda. Sawa, ajaribu! Akanikumbusha, debiti kushoto. Nikamshukuru, lakini nimeshagundua kosa lilipokuwa. Kosa lilikuwa rangi mbili. Rangi mbili zinaweza kubadilishana, ndipo mtu anapochanganyikiwa. Jioni nimepita sokoni nikanunua jozi mpya ya soksi za mtihani, nzuri, nzito. Nyekundu zote mbili.