Visu vya Bure vya Raimo

Raimo Kuusela alikuwa kwenye mgahawa wa kituo cha mafuta cha Ivalo, kaskazini kabisa kwenye theluji, akinywa kikombe cha pili cha kahawa, kile cha kuongezewa bure, basi lilipowashusha watu kumi na tisa wa mji mkuu, Helsinki, waliokuja kujifunza kuishi porini. Aliyatazama mabegi yao. Mengine bado yalining'iniza karatasi za bei. Mwanamume mmoja mwenye miwani alishika orodha ya vitu vya mkoba wa dharura, na mbele ya neno "kisu" alikuwa amechora alama ya kuuliza kwa wino mwekundu. Mtu mwenye swali na pochi anahitaji rafiki, na Raimo alijaliwa moyo wa kupenda watu.

Wiki hiyo hiyo alitandika meza ya visu nje ya kituo. Alizaliwa Tampere, mji wa kusini, bibi yake akiuza soksi dukani, lakini akishavaa kofia ya manyoya anakuwa mtoto wa wafugaji wa kulungu wa theluji tangu dunia iumbwe. Sisi wa huku tulimtazama tukanyamaza. Kunyamaza ndiyo kazi tunayoiweza zaidi.

Visu vyake vilikuwa vipana kama samaki, na meno ya msumeno mgongoni, dira kwenye kitako, na njiti sita za kiberiti ndani ya mpini. Alivinunua kwa kilo.

"Hiki bei gani?" aliuliza mwenye miwani.

Raimo alifumba macho kama mtu aliyetukanwa akaamua kusamehe. "Kisu hakiuzwi, kaka. Hicho nimekupa."

"Bure?"

"Bure kabisa. Ila mila yetu unaijua. Ukipewa kisu usiporudisha kitu, urafiki unakatika. Mimi siwezi kukupangia. Jiulize mwenyewe, urafiki wetu una thamani gani?"

Kilichotuuma ni kwamba mila hiyo ipo kweli. Bibi zetu waliitimiza kwa sarafu moja, ile ndogo kuliko zote, na mambo yakaisha. Lakini mwenye miwani hakuwa na bibi wa huku. Alitoa euro mia mbili, mkewe akimtazama, maana nani anataka kuonekana bahili mbele ya mila za watu?

Kufikia mwisho wa Machi, Raimo alikuwa na bahasha nene kwenye mfuko wa ndani wa koti. Kila jioni aliinenepesha pale pale mgahawani, mbele yetu sote, na juu yake alikuwa ameandika "Fuengirola", mji wa ufukweni. Magoti yake hayakuwa yamepata joto tangu Oktoba. Alitaka kibaraza, jua la Hispania, na asivae soksi tena maishani. Tusimcheke kwa hilo. Kila mtu hapa ana bahasha ya namna hiyo, tofauti ni kwamba zetu ni tupu.

Jumamosi moja akaja Elli. Ni mama wa miaka sitini, mfupi, mfugaji wa kulungu, na kiunoni ana visu viwili: kikubwa cha kukatia kuni, kidogo cha kila kitu kingine. Alikigeuza geuza kisu cha Raimo.

"Wafugaji tuko arobaini," alisema. "Kila mmoja anataka kisu cha kuweka kwenye mkoba wa dharura."

Raimo alisahau magoti. "Mama, hicho chukua. Nimekupa."

Elli akampa senti tano, watu wakiona. Raimo alitabasamu. Chambo hakina budi kuliwa kidogo.

"Sasa twende ukanionyeshe kinavyofanya kazi," alisema Elli. "Nikiridhika, nitawaambia wenzangu."

Akampakia nyuma ya pikipiki ya theluji, Raimo akiwa na kisu kingine kama hicho mkononi. Walikwenda kilomita kumi na nane, mpaka kwenye msonobari uliokauka. Ilikuwa saa sita mchana, jua jeupe, baridi nyuzi ishirini chini ya sifuri. Elli alimwachia birika.

"Naenda kuwaangalia wanyama nyuma ya kilima. Nikirudi nikute kahawa."

Pigo la kwanza kwenye msonobari, kisu kikaachana na mpini. Bapa la chuma likaruka likazama kwenye theluji, dira ikabingirika, njiti zikamwagika zikalowa. Raimo alibaki ameshika bomba tupu. Alipuliza vidole. Akazunguka msonobari mara ishirini, kisha akahisi vidole vya miguu vimemuaga, na hapo akaogopa kweli.

Elli alirudi baada ya saa nzima, akatandika ngozi ya kulungu juu ya theluji, akaketi, akaanza kutafuna nyama kavu.

"Kahawa iko wapi?"

"Kisu kimepata hitilafu, mama. Niazime hicho chako kidogo."

"Kisu cha mtu hakiazimwi, mwanangu."

"Basi niuzie."

"Kisu hakiuzwi. Si ndivyo unavyosema mwenyewe kila siku kituoni?"

Meno ya Raimo yaligongana. "Basi nipe."

Elli akampa, mpini mwekundu mbele, kwa heshima zote. Kisha akabaki amenyoosha kiganja.

"Nini tena?"

"Najiuliza urafiki wetu una thamani gani."

Raimo alitoa ile senti tano. Elli akaitazama, akaitazama na pikipiki.

"Huu ni urafiki wa kuwasha moto," alisema. "Wa kurudi nyumbani umekaa mfuko wa ndani."

Akamrudishia sarafu yake. Raimo alitazama kilomita kumi na nane za theluji, halafu akafungua koti akatoa bahasha. Elli hakuhesabu. Alitoa chupa ya chai kwenye mkoba wake, imejaa kahawa ya moto tangu asubuhi, akammiminia kikombe kizima.

Kituoni, Raimo aliingia na kisu chake kipya mkononi. Lazima kilikuwa cha kale, alijifariji, kimerithiwa, kitapata mnunuzi. Karibu na mlango akaona ndoo ya plastiki imejaa vingine kama hicho, mpini mwekundu, euro tisa na senti tisini.

"Hicho ni kizuri, usikitupe," alisema dada wa kaunta. "Hata Elli kanunua kimoja leo asubuhi."

Nje basi jingine lilikuwa likishusha watu. Kijana mwenye begi jipya alimsogelea Raimo, orodha mkononi. "Samahani, kaka. Kwa mkoba wa dharura, ungechukua kisu gani?"

"Cha ndooni," alisema Raimo, na hakudai kitu.

Mwezi wa Aprili kadi ya posta kutoka Fuengirola ilifika mgahawani, yenye picha ya ufuko. Elli anatusalimu wote. Anasema jua ni kali, kulungu asingedumu huko hata siku moja, kahawa ni mbaya, na soksi amezivua.