Mafuta ya Mvumbasi na Maharage ya Mbegu

Jumatatu, 24 Februari
Fukusi wameingia kwenye maharage ya mbegu. Madebe mawili, jasho la nyumba kumi na mbili, na ufunguo wa stoo uko shingoni mwangu. Tunapanda Jumamosi. Nasirumbi, mwenyekiti wa kikundi chetu cha kina mama, ameshaanza kunusanusa. Anataka ufunguo uhamie kwake, eti mwanawe amesomea kilimo. Nimemwambia fukusi hajasoma na ametushinda sote.
Nimewaza hivi. Mvumbasi hufukuza mbu chumbani, na ni jani tu. Je, nikilikamua nguvu yake yote?

Jumanne, 25 Februari
Nimeazima mtambo wa shemeji Othieno, mpika waragi, ile pombe kali ya kienyeji. Pipa, mrija wa shaba, beseni la maji baridi. Akauliza mlokole kama mimi ameanza lini. Nimemwambia anyamaze alete kuni.
Tumejaza majani, tukachemsha. Kimetoka kitu safi kama machozi. Juu yake utando wa manjano. Nimeuengua nikautupa. Nilipika waragi miaka kumi kabla ya kuokoka, uchafu naujua.
Nimewanyunyizia fukusi ishirini ndani ya chupa. Wameoga. Wawili wamepandana.

Jumatano, 26 Februari
Mable, jirani yangu, amecheka mpaka akakaa chini. Binti yake anatengeneza sabuni mjini Tororo. Amesema ule utando ndio mafuta, humo ndimo dawa ilimo. Nilichokihifadhi ni maji ya kunukia. Na mimi niliyaficha uvunguni.
Tumepika tena. Majani pipa zima, mafuta vijiko viwili. Tone moja kwenye pamba, pamba ndani ya chupa, fukusi ishirini. Sikubanduka hapo. Wameyumba kama wateja wa Othieno, kisha miguu juu. Tone halikuwagusa. Harufu peke yake. Sasa inaingilia wapi? Nimemgeuza mmoja kwa sindano nimtafute pua. Sijaiona.

Alhamisi, 27 Februari
Majani ya mkaratusi yana mafuta mengi kuliko mvumbasi. Nimeyapika, nikapata mafuta ya kujaza chupa mbili za soda. Mable amesema matone machache kwa debe yanatosha. Nasirumbi naye ametaka nifunge kwanza mbegu kumi zenye mafuta kwenye kitambaa kibichi, tuone kama zinaota. Mwenye wivu hakosi neno. Dawa ya kuua haipimwi kwa huruma. Nimemwaga chupa nzima kwenye mbegu, nikakoroga, nikafunika.

Jumamosi, 1 Machi
Fukusi wote wamekufa. Nimewapepeta kwenye ungo mbele ya kina mama. Wameimba. Nasirumbi amenusa mbegu, akapiga chafya, akasema zinanuka kama kifua cha mgonjwa. Nimempimia yeye wa kwanza, nikamkumbatia kwa nguvu. Ana mdomo tu, roho yake nzuri. Tumepanda.

Jumatatu, 10 Machi
Hakuna kilichoota. Mvua imenyesha vizuri, mashamba kumi na mawili, udongo mtupu. Nasirumbi amefukua mbegu moja, akaipasua kwa ukucha. Ndani imekufa kama fukusi wake. Hakunitukana. Amenyoosha mkono tu. Nimevua ufunguo.
Maharage yangu ya kula yalikuwa jikoni juu ya meko, kwenye moshi, wala hayana tundu. Nimeyagawa yote, bakuli kwa bakuli, kila nyumba ipande kesho. Mimi nitakula mboga mpaka Juni. Nasirumbi alikataa la kwake. Nimemwambia alipokee au nimtandike nalo.

Jumanne, 11 Machi
Nimefikiri vizuri. Mafuta yaliyozuia maharage kuota yatashindwaje na magugu? Chupa ya pili bado ninayo. Tuta la vitunguu la Mable limezidiwa na majani, na yeye yuko Tororo kwa bintiye mpaka Ijumaa. Nimeshamwagia robo tatu.
Atafurahi sana akirudi.