Turudishieni Aya Zetu Chafu

Ndugu Mwenyekiti,
Kamati ya Maadili,
Tovuti ya Hadithi za Mashabiki.

KUHUSU: KUREJESHWA KWA AYA MLIZOFUTA

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na mwenye haya kama kawaida yako. Mimi ni mwenye saluni, mke wa mtu na mpenda adabu. Nakuomba kwa unyenyekevu urudishe uchafu wote ulioondoa.

Usikasirike kabla sijaeleza. Kwenye tovuti yenu kuna shabiki wa ile tamthilia ya hospitali, anayewatungia daktari wa upasuaji na dereva wa ambulansi mambo ambayo televisheni haikuthubutu kuyaonyesha. Saluni kwangu tunasoma kila sura. Mikono ya wasusi imejaa nywele, kwa hiyo mteja wa kiti cha dirishani ndiye hushika simu na kutusomea kwa sauti. Zamani akifika penye uchafu alikohoa, akaharakisha maneno, sisi tukatazama sakafu, yakapita. Sasa mmeweka mstari mweusi. Msomaji akiufikia anatangaza kwamba hapa pamefutwa, na kila aliyemo ndani anaanza kueleza anachodhani kilikuwepo. Malalamiko yangu ni haya:

1. Kazi haiendi. Msusi wangu bora alibishana chanuo likiwa hewani kuhusu mahali ulipokuwa mkono wa kushoto wa daktari. Karani wa benki aliyekuwa akisukwa akaondoka na mistari ya nywele iliyoelekea mbele upande mmoja na nyuma upande wa pili. Wala hakugundua, maana naye alikuwa akitetea mkono wa kulia.

2. Nilimwita fundi bomba atengeneze sinki linalovuja. Sinki bado linavuja na fundi bado yupo. Yeye ndiye anayetuamulia lipi linawezekana ndani ya ambulansi inayotembea, na lipi litang'oa mtungi wa oksijeni.

3. Mwalimu mstaafu wa hisabati, mama wa watu ambaye hata neno paja hulitaja kwa kunong'ona, alichukua rangi ya mdomo akatuchorea mchoro kwenye kioo changu kikubwa. Nimesugua kwa sabuni, nimesugua kwa spiriti, bado unaonekana jua likipiga. Juzi mteja mgeni aliuonyesha kwa kidole akasema asukwe hivyo hivyo.

4. Mama mkwe. Hapa ndipo roho inaponiuma. Tangu niolewe, mimi na yeye ni shikamoo, marahaba, na hali ya hewa. Huja kwangu Jumamosi kupaka piko nywele na kukaa chini ya draya, na mtu aliye chini ya draya hasikii sauti yake mwenyewe, kwa hiyo hupiga kelele. Tulipofika kwenye mstari mweusi mrefu kuliko yote, mama mkwe ndiye aliyeujaza. Muuza duka wa ng'ambo alizima redio yake ili asikie vizuri. Mimi bakuli la dawa likaniponyoka. Huyu ni mama mzazi wa mume wangu, Ndugu Mwenyekiti. Nitamwandalia chai kwa uso gani?

Mwandishi wenu alikuwa na akili moja chafu. Mmemziba mdomo, mkaamsha za mtaa mzima. Kama kurejesha hakuwezekani, basi tuleteeni huo mstari mweusi tumfunike mama mkwe, na mje nao wenyewe, maana mtu wa kumfunika simpati.

Nisalimie wanakamati wote, hasa yule anayechora mistari; mkono wake upumzike. Wasusi wanasalimu, na fundi bomba pia.

Wako katika kutetea haya,
Mwenye saluni ya kona

Tanbihi: Kabla sijatuma barua hii, binti wa dada yangu amekuja na nakala nzima aliyoihifadhi kabla hamjakata. Tumefunga mlango tukaisoma. Kumbe chini ya ule mstari mrefu, daktari anamvua dereva soksi, anazikunja vizuri, wanalala. Mama mkwe alitoa kichwa kwenye draya akanitazama, nami nikamtazama, tukacheka mpaka tukashikana tusianguke. Ameniita mwanangu. Kwa hiyo ombi langu nalifuta, msirudishe kitu. Ila sura ya tano mmeiacha nzima. Tafadhali ikateni kabla ya Jumamosi, mama mkwe ameshajiandaa.