Pingamizi Dhidi ya Kung'olewa kwa Miwaridi ya Nyumba ya Kona

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Bustani za Mtaa, ambaye pia ni Mama Mkwe wangu mpendwa,

Shikamoo. Nakuandikia kwa cheo chako cha kwanza, ila huruma naiomba kwa kile cha pili.

Kamati yako imeamuru miwaridi yangu ing'olewe na kuchomwa kabla ya Jumamosi, eti ina kuvu. Mwanao, aliyeipanda kwa mikono yake siku tulipohamia hapa, amesema miwaridi ikitoka, nami nitoke nayo. Kwa hiyo, Mama, hapa hatuzungumzii maua tena, tunazungumzia mahali nitakapolala. Malalamiko yangu ni haya:

1. Bwana shamba wenu aliyaona majani yenye madoa meusi akatikisa kichwa kama aliyefika msibani. Kanga ana madoa mwili mzima, na sijasikia kamati iliyomchoma kwa kosa hilo, labda kwa kitoweo.

2. Nimeitwa mzembe. Mimi, ambaye kila jioni nayaogesha majani yale, juu na chini, mpaka yanachuruzika, ndipo nayaacha yalale! Bwana shamba aliposikia hayo alijishika kichwa. Nadhani ni wivu.

3. Majani yanayoanguka siyatupi. Nayalundika palepale kwenye shina la mama yao, maana damu nzito kuliko maji. Maneno hayo uliyasema wewe mwenyewe siku ya harusi yetu, nami nikayashika.

4. Madoa sasa yako mtaa mzima, hata kwako. Wengi wape, Mama. Miwaridi isiyo na doa ni ya jirani yetu fundi saa peke yake, kwa hiyo mgonjwa ni yeye. Achunguzwe haraka asije akatuambukiza.

5. Hivyo basi, shindano la maua la mtaa, la Jumamosi hiyo hiyo, liwe la miwaridi ya madoa tu, na kikombe nipewe mapema, nimwonyeshe mwanao kabla hajabadilisha kitasa.

Naishia hapa nisije nikaonekana mlalamishi. Nisalimie Baba, wanakamati wote, na hata bwana shamba, ingawa roho inasita.

Wako mtiifu, bustanini na nje ya bustani,
Mkweo wa Nyumba ya Kona

Tanbihi: Mkasi wangu wa kupogolea ulibaki kwako siku ile nilipojitolea kuzunguka mtaa mzima kumpogolea kila mtu miwaridi yake, nikianzia na yangu. Naomba unirudishie, na tafadhali usiuoshe, sijawahi kuuosha, utashika kutu. Fundi saa alikuwa safarini siku ile, na nimemwahidi zamu yake kesho asubuhi.