Sahihi Mia Tatu za Komini Mpya

Jumatatu, 3 Machi
Nimeandika barua kwa mkoa: mtaa wetu ukatwe, uwe komini peke yake, na ofisi yake ya serikali. Komini mpya itahitaji bourgmestre wa kuiongoza, na mimi Lambert niko na suti. Lakini zinatakiwa sahihi mia tatu. Ninazo mia mbili na kumi! Jirani yangu Placide amekataa kusaini. Anasema nikitawala mimi, atahama. Wivu!

Jumanne, 4 Machi
Nimepata dawa. Makaburini kuna majina mengi mazuri, na hakuna anayebisha. Nimenakili tisini. Nimesaini kwa mkono wa kulia na wa kushoto, yasifanane. Barua imekwenda mkoani, Lubumbashi.

Alhamisi, 13 Machi
Yesu! Mkoa unamtuma mkaguzi wake, Mama Deborah, aje Jumamosi aite majina, moja moja, mbele ya watu wote. Pikipiki ikisimama nje, naingia chini ya kitanda. Nimemwungamia mke wangu Emérance. Ameuliza kama gereza la Buluo wanaruhusu blanketi.

Jumamosi, 15 Machi
Walio hai waliitika vizuri. Halafu Mama Deborah akaita: Kabwe Ferdinand! Placide akaruka.
“Ule ni baba yangu! Iko chini ya udongo tangu miaka sita! Weye Lambert, alisaini namna gani?”
Mama Deborah akavua miwani. Polisi wake akasogea.
Ndipo akasimama Mama Christiane, mama yake Placide. Akasema marehemu mume wake alitembea maisha yote kwenda ofisi ya komini kwa kila karatasi. Angeulizwa, angesaini mara mbili.
“Minye niko hai. Muandike jina yangu pa nafasi yake.”
Wajane wakapanga mstari. Watoto wa marehemu pia. Nililia, kwa woga zaidi. Jumla: mia mbili tisini na nane. Mama Deborah amenipa wiki mbili nilete wawili. Nikimletea maiti mwingine, nitajieleza mahakamani.

Jumapili, 16 Machi
Emérance anasema nikamwombe Placide msamaha, asaini yeye na mke wake. Kumpigia magoti yule? Kamwe! Suzanne, mkunga wetu, ananiambia mke wa fundi cherehani ana mapacha tumboni. Wawili kamili! Tena hawajafa.
Nimeshawachagulia majina.